Mitungi haifunguki

Swali: Nimeuziwa mmea ulao wadudu, eti ni rajah (Nepenthes rajah). Mitungi yake ya kunasia wadudu inakauka ikiwa midogo. Tatizo nini? (Msomaji, Malindi)

Jibu: Rajah ni wa mlima Kinabalu, kisiwani Borneo, juu ya mita 1,500, joto la usiku la Malindi lingeshaumaliza. Tazama jani: kikonyo cha mtungi cha rajah huchomoza chini yake, kabla ya ncha. Jani likiwa pana, ncha kama imekatwa kwa kisu, huo ni Nepenthes truncata wa Ufilipino, nao mtungi wake hufika sentimita 40.

Tunashuku maji ya kisima, yana chumvi. Mwagilia ya mvua. Makumbi ya kupandia nayo yana chumvi: yaroweke, ukibadilisha maji mara tatu. Usitie samadi, itaunguza mizizi. Ukinge na kaskazi. Upepo mkavu hukausha mtungi kabla haujafunguka.