Nyumba Ndogo Yangu ya Lushoto

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia ujumbe mrefu, nusu yake salamu. Kwa ufupi, ana vijisenti alivyodunduliza kwenye kikoba, joto la Dar limemchosha, na zile picha zangu za ukungu na moto wa kuni zimemkosesha usingizi. Anataka kijumba Lushoto, kule juu milima ya Usambara, cha kwenda mwaka mzima, si Krismasi tu. "Kaka, nianzie wapi?" Mwisho kabisa akaongeza: "Ila usinitaje, shemeji yako bado sijamwambia."

Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka mwanangu akaja kuniangalia.

Mimi nilianzia kwenye harusi. Desemba 2016 mfanyakazi mwenzangu alikuwa anaoa kwao, tukapanda kumsindikiza. Mombo tulifika saa nane mchana, shati limegandana na mgongo, nyuma yetu mkonge mtupu. Kutoka pale hadi Lushoto mjini ni kilomita kama 33 tu, lakini ni kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande huu na bonde upande ule. Kabla hatujafika Soni watu wakaanza kufunga vioo. Njiani watoto wanauza plamsi kwenye ndoo ndogo, nyeusi mpaka zinang'aa. Usiku ule nililala chini ya mablanketi mawili, bila feni, bila chandarua, bila kugeuka. Mtu wa Mbagala hajui usingizi wa namna hiyo. Wajerumani nao walilikimbia joto la pwani wakapanda huko huko, mji wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Nikasema na mimi sikosi changu.

Kosa la kwanza nilifanya asubuhi yake. Nilimuuliza mwenye bodaboda kama kuna kiwanja kinauzwa.

Jamani, usimuulize mwenye bodaboda. Kufikia saa nne nilikuwa na madalali watatu. Mmoja, kijana mchangamfu sana, alinipeleka kijiji kimoja ambacho sitakitaja, kiwanja kiko ukingoni, chini unaona mawingu yanatembea. Muuzaji alikuwa kaka mkubwa wa ile familia, mpole, msafi, kavaa koti. Tuliandikishana kwenye karatasi ya daftari, nikamwachia milioni moja na nusu "ya kushikilia". Niliondoka nikiwa nimeshapanga kitanda kitakaa wapi.

Niliporudi Februari na hela iliyobaki nikawakuta watu saba wananisubiri. Shangazi yao, mwanamke mfupi ameshika jembe, hakunitukana. Alinishika mkono akanitembeza mpakani, sale moja baada ya jingine, ule mmea wa kuonyesha mpaka. Hili kapanda babu. Hili kapanda baba. Hili kapanda yeye mwenyewe mwaka aliomzaa kifungua mimba wake. Kisha akasimama, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Mwanangu, wewe umenunua lipi?"

Sikuwa na jibu. Ardhi ya ukoo ile, na kaka mkubwa aliiuza kama vile kazaliwa peke yake. Hela yangu sijaiona mpaka leo. Huwa nakutana naye sokoni Soni, ananisalimia vizuri, ananiulizia watoto. Na mimi namjibu vizuri. Lakini kila akiondoka huwa nahesabu kimoyomoyo: moja na nusu.

Baada ya hapo ndipo nikasoma, jambo ambalo lilipaswa kutangulia. Sehemu kubwa ya ardhi utakayoipenda kule ni ya kijiji, inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Hiyo huinunui kwa mtu na dalali wake. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayoidhinisha, na ina haki ya kukuuliza kama unakuja kuitumia ardhi au unakuja kuifuga nyasi. Haki yake ni ya kimila, na ina hati yake. Viwanja vilivyopimwa mjini ni habari nyingine, hivyo vina hatimiliki ya miaka, 33 au 66 au 99, chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka huo huo. Uliza kwanza unachoonyeshwa ni kipi kati ya hivyo. Ukipelekwa kando ya kijito, maji yanaimba, dalali anakwambia "sikia hiyo, bosi", kumbuka sheria ya mazingira ya 2004: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto hujengi. Na kama ni nyumba ya familia inauzwa, mke wa muuzaji awepo aweke sahihi. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nimeshuhudia mwenzangu akirudisha funguo kwa sababu hiyo tu.

Mara ya pili nilitulia. Mwalimu mstaafu alikuwa anahamia Tanga kwa watoto wake, anauza nyumba ya vyumba viwili, matofali ya kuchoma, bati, mparachichi mmoja na miti sita ya plamsi. Nilikaa naye siku mbili. Nilionana na majirani wote wanne, tukazunguka mipaka pamoja, kila mtu akanyoosha kidole pale pale. Mkewe alikuwepo, watoto walipigiwa simu. Mambo ya ofisini na ya kubadilisha jina la umeme nayaruka. Yalinichosha mimi, hayana sababu ya kukuchosha na wewe.

Tatizo likawa nyumbani. Nilitaka kumfanyia mke wangu sapraizi. Jumapili moja simu yangu iko mezani, tunakula, ujumbe ukaingia, na yeye ndiye aliyekuwa karibu nayo. Alikuwa dalali: "Bosi ile nyumba ndogo yako ya Lushoto mambo safi, mama anasema uje umalizie hela yake."

Kwa Kiswahili chetu sisi, ujumbe ule unasomeka kwa namna moja tu.

Siku tatu sikupewa chai. Nilimwonyesha mkataba, akasema hata hao wanaandikiwa mikataba siku hizi. Ilibidi nimpandishe kwenye gari, tukapitia Bagamoyo na Msata, kilomita kama 350 zote hajasema neno, mpaka aliposhuka akaingia kwenye kijumba, akafungua dirisha la jikoni, akalitazama bonde. Akasema, "Hapa pa kuweka kabati hakuna." Hapo nikajua nimesamehewa. Leo mwenye nyumba ni yeye, mimi mpangaji. Kabichi zake majirani wanakuja kuomba mbegu, na wale ndio wanaotulisha kabichi Dar nzima!

Sasa ndugu yangu uliyeandika, sikia hapa, maana hapa ndipo hela inapokwenda. Sote tunakwenda kutazama nyumba Desemba au Januari. Jua jepesi, plamsi zimeiva, barabara kavu. Nenda masika. Mimi sikwenda masika, na masika yakanifuata.

Aprili 2018 tulipanda kwa mapumziko ya Pasaka. Mbele ya Soni udongo ulikuwa umeshuka umelala barabarani na mgomba wake umesimama juu kana kwamba umepandwa pale. Tuligeuza, tukalala Mombo na mbu wake. Kesho yake tumefika, nimefungua mlango, harufu ikatutoa nje. Dari la jipsamu nililoweka mwenyewe, kwa madaha, lilikuwa limeshuka kati kama tumbo la ng'ombe. Godoro lina madoa ya kijani. Koti langu la harusini, nililoliacha msumarini, limeota manyoya meupe mabegani. Panya walikuwa wamezaa ndani ya blanketi la mkwe wangu.

Mama jirani alikuja na kikapu kichwani, akachungulia, akatikisa kichwa. "Nyumba haijawashwa moto tangu Januari. Mlitegemea nini?"

Hakuna fundi aliyewahi kuniambia hilo. Kule unyevu haupigi hodi, unaingia na kukaa. Nyumba za wenyeji zinapona kwa sababu kila siku kuna moshi ndani, dirisha linafunguliwa, mtu anaingia anatoka. Sisi tunafunga kufuli tatu tukidhani tunailinda.

Nilianza upya. Jipsamu ikatupwa, nikaweka dari la mbao za paini zilizokauka vizuri, na matundu ya hewa juu ya kuta. Nyuma ya nyumba, upande wa mlima, tukachimba mtaro mpana wa zege, kwa sababu maji yote ya kilima yalikuwa yanakuja kuegemea ukuta wangu wa chumbani. Bati likaongezwa nje ili mvua isilambe tofali. Nikajenga jiko la kuotea moto lenye dohani, na dohani ya kwanza ilirudisha moshi wote ndani maana fundi aliijenga fupi kuliko paa. Tangi la lita 1,000, kwa sababu maji ya mserereko, yale yanayoshuka yenyewe kutoka mlimani, mvua ikikolea yanakuja rangi ya chai ya maziwa. Ukijumlisha, ukarabati ulikaribia nusu ya bei ya nyumba. Na hiyo ndiyo nusu ambayo hakuna anayeniuliza, wote wananiuliza bei ya kununulia.

Lakini kilichoiponya nyumba ni yule mama. Kijana wake anakuja Jumatano na Jumamosi, anafungua madirisha, anawasha moto, anaanika magodoro kama kuna jua, anafunga. Namlipa kila mwezi, niende nisiende. Niseme ukweli, wengi wetu kutoka mjini hapa ndipo tunapoharibu. Mtu anapanda na ukuta wake wa futi nane na vigae vya chupa juu, hasalimii, msiba ukitokea hachangii, halafu bomba lake likipasuka anashangaa hakuna aliyempigia simu. Kule msiba wa jirani ni wako. Chimba kaburi na wenzako au tuma mchango. Salimia. Kaa chini unywe uji unapopewa. Na nenda masika, nimeshasema, narudia.

Kuhusu "mwaka mzima" yako: Juni mpaka Agosti ni baridi kweli, usiku wa nyuzi 10 hivi, na mama mkwe wangu alikaa siku nne akakataa kuoga hadi tulipomchemshia sufuria mbili. Hiyo ndiyo miezi ninayoipenda mimi. Ukungu unapanda kutoka bondeni saa kumi jioni, unafunika mparachichi, kisha uzio, kisha ngazi, na wewe umekaa na mahindi ya kuchoma, jibini ya Irente iko mezani, huna mtandao wala huna haja nao. Watoto mwanzoni walilia intaneti. Sasa wanabishana nani atapasua kuni.

Basi chukua likizo Aprili, panda basi la Lushoto, lala wiki nzima kwenye gesti ya kawaida bila kumwambia mtu yeyote unatafuta nyumba. Ukiona baada ya siku ya nne, soksi zote mbichi, bado hutaki kurudi, nitafute nikupe namba ya yule kijana wa moto. Namba ya dalali sikupi. Na shemeji mwambie leo hii, kwa mdomo wako, halafu usitumie yale maneno mawili.