Mkuu, usiguse huo uwanja wa nyumba yako mpaka masika yapite

Simamisha hilo lori la udongo. Hata kama limeshafika getini, lirudishe. Salamu baadaye.

Kwa wanaopita: mleta mada, yaani huyu mkuu ninayemjibu, kahamia Goba, Dar, mwezi wa 12, uwanja una mabonde, fundi bustani kamwambia wausawazishe "uwe kama uwanja wa mpira" na kupanda nyasi mwezi huu wa pili ili masika yazikuze. Anauliza nyasi gani nzuri, akate kila baada ya muda gani, na mwembe ukae wapi. Tumbo limenicheza, maana mimi niliambiwa maneno hayo hayo kule Kinyerezi. Sijui hawa jamaa wamesoma chuo kimoja?

Nilihamia mwezi wa 11. Vuli ile ilinyesha kiduchu, maji yakatuama siku moja kwenye kona, yakakauka, nikajiona nimeshaujua uwanja wangu. Fundi akaja, akafumba jicho moja kama anapiga manati, akatamka: tripu 8 za udongo mwekundu. Hakuwa hata na mpira wa maji wa kupimia! Na mimi nimesimama pale na shahada yangu naitikia kama mwanakwaya.

Akajaza bonde la upande wa chini. Kumbe ndiyo njia ya maji ya majirani wote wa juu yangu. Akaziba na yale matundu ya chini ya ukuta wa fensi, eti "yanapitisha nyoka, bosi". Upande wa nyumba udongo ukapanda mpaka ngazi ya kwanza ya baraza ikafukiwa. Nikapiga picha, nikatuma kwenye grupu la ukoo. Ziko mpaka leo, shemeji yangu huwa anazirusha upya kila mvua ikinyesha.

Aprili, saa nane usiku. Maji yameingia, pa kutokea hakuna. Mengine yakaja sebuleni, mengine yakajishindilia kwenye ule udongo. Udongo ukishalowa ni mzito ajabu, na ukuta wa tofali za inchi 5 haukujengwa kubeba udongo, ulijengwa kuzuia mbuzi na umbea. Ukalala mita 11 hivi, juu ya banda la kuku la jirani. Fundi? Simu iliita mara moja, tangu hapo hapatikani. Ukuta, banda, kuku 23, masofa, na udongo ule ule niliolipia kuingia nikaulipia tena kutoka: milioni 6 na ushee. Nyasi zenyewe zilikuwa za laki 4. Mke wangu akipakua kuku huwa ananiuliza kama na huyu nilimlipia.

Kwa hiyo usijaze, usipande, usimwage pevingi kabla hujaishi masika mazima humo ndani. Vuli isikudanganye. Mvua kubwa ikianza vaa gambuti, zunguka uwanja, chomeka vijiti maji yanapoingia, yanapotuama, yanapotokea. Watoto watakucheka, wewe chomeka. Mwezi wa 6 mvua zikishakata na ardhi bado laini, hapo ndipo uchonge: kutoka ukuta wa nyumba ishuke angalau sentimita 2 kila mita, udongo ubaki inchi 6 chini ya sakafu, na bonde la maji liache liwe bonde. Matundu ya ukuta usiyaguse. Nyoka akija mtajuana. Nyasi panda vuli ikianza, mvua ya rasharasha ndiyo inazishikisha, hii ya masika inazisomba na mbolea yake.

Uliuliza nyasi gani... mimi sasa hivi nina ukoka uliojiotea wenyewe, sijui hata nisemeje. Mwembe usiusogeze karibu na karo la maji taka, basi. Na mashine ya kukatia nyasi niliyonunua Februari ile bado iko kwenye boksi, ukiitaka njoo inboksi.