Kila Januari nakwama Mambo ya Walawi na furaha siioni: jibu langu

Bwana Yesu asifiwe, mpendwa. Umeuliza kwa nini kila mwaka unaanza Mwanzo kwa bidii, ukifika Mambo ya Walawi unaishiwa pumzi, na hata siku unazosoma unafunga Biblia moyo ukiwa mkavu vile vile, ilhali wenzako wanashuhudia furaha. Nivumilie, jibu ni refu.

Tuanze na hesabu. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Kuimaliza kwa mwaka ni sura tatu na kitu kwa siku. Kwa mwendo huo, karibu na tarehe 23 Januari unaingia Kutoka 25: vipimo vya sanduku, meza, mapazia, vitanzi. Kabla mwezi haujaisha uko kwenye sadaka za Walawi. Hapo ndipo wengi wanapoachia njiani, wala si uvivu. Sura tatu kwa siku zinatosha kwa habari za Yusufu, maana zinajisimulia zenyewe. Kwenye hema ya kukutania unapita juu juu, huelewi, na usichokielewa kitakufurahishaje?

Soma Nehemia 8 taratibu. Ezra alisoma torati tangu mapambazuko hata adhuhuri, na Walawi wakawaeleza watu maana yake. Kwanza watu walilia. Halafu mstari wa 12 unasema walikwenda kula na kunywa na kufanya furaha nyingi, na sababu imetajwa hapo hapo: walikuwa wameyafahamu maneno waliyoambiwa. Kesho yake wakuu wa mbari wakarudi kwa Ezra wajifunze zaidi, wakakuta agizo la vibanda, wakaenda kuleta matawi, wakajenga. Mstari wa 17 unasema kulikuwa na furaha kubwa sana. Tunanukuu mno mstari wa 10, "furaha ya BWANA ni nguvu zenu", tukairuka hiyo miwili inayoonyesha furaha ilipatikanaje: walifahamu, kisha wakatenda. Usomaji wako ujenge juu ya hayo mawili.

Weka pembeni mpango wa mwaka mzima kwa sasa. Chukua Wafilipi: sura 4, mistari 104, kama dakika 15 ukisoma kwa sauti bila haraka. Isome yote kila siku kwa siku 7. Siku ya kwanza soma tu. Siku ya pili piga mstari kwa penseli chini ya kila "furaha" na "furahini". Siku ya tatu tafuta mwandishi yuko wapi. 1:13 itakuambia yuko kifungoni, na zile alama zako za penseli zitaanza kusema jambo jingine. Siku ya nne mfuatilie Epafrodito aliyeugua karibu na kufa. Kufikia siku ya tano, "Nayaweza mambo yote" ya 4:13 utaisikia upya, kwa sababu mstari wa 12 bado uko masikioni mwako, nao unazungumzia kushiba na kuona njaa. Siku mbili za mwisho usichambue chochote. Soma, omba.

Hilo la kusoma kwa sauti nalisisitiza. Zaburi 1:2 inaposema mtu huyu sheria ya BWANA "huitafakari mchana na usiku", neno la Kiebrania lililoko pale ndilo linalotumika kwa simba angurumaye juu ya mawindo katika Isaya 31:4, na kwa sauti ya hua katika Isaya 38:14. Ni kazi ya koo na midomo. Kama unalala chumba kimoja na wenzako, nong'ona. Macho peke yake huteleza.

Baada ya hapo nenda Marko, sura 16, moja kwa siku, ukianza kila asubuhi kwa kupitia tena ya jana. Kisha Agano Jipya lote: lina sura 260, kwa hiyo ukisoma sura moja siku tano za wiki utalimaliza kwa mwaka kamili, na siku mbili zinabaki za kurudia ulipokwama.

Kuwe na daftari, na kila siku uandike mistari mitatu tu: nimeona nini, sijaelewa nini, leo nifanye nini. Ule wa pili ndio watu wanauona aibu, kumbe ndio wa thamani. Huo ndio unaoupeleka kwenye kikundi chako cha Biblia au kwa mchungaji wako. Wa tatu uwe jambo linalofanyika kabla jua halijazama. "Niwe na upendo" halifanyiki. "Nimpigie dada tuliyenuniana" linafanyika.

Yanayoharibu: kusomea kwenye simu yenye data imewashwa. Kulipa madeni ya siku ulizoruka, ukajikuta unameza sura 12 Jumamosi. Deni hilo lisamehe, endelea ulipoishia. Na kwa wanaohubiri, kusoma kila sura ukitafuta pointi za Jumapili. Mpishi anayeonja tu hashibi.

Siku kavu zitakuwepo hata ukifanya yote haya. Usijilazimishe shangwe. Zaburi 88 inaishia gizani, na bado ni maombi yaliyomo kwenye Biblia. Iombe kama ilivyo. Ukavu ukiambatana na kukosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki kadhaa, mwone mchungaji na daktari pia.

Sasa Walawi, maana nataka urudi. Kutoka inaishia Musa akiwa nje: 40:35 inasema hakuweza kuingia hemani kwa ajili ya utukufu. Walawi 1:1, BWANA anamwita akisema naye toka hemani. Ruka hadi Hesabu 1:1: BWANA anasema na Musa katika hema. Kwa hiyo soma Walawi 1 hadi 16 ukiwa na swali moja tu mkononi: mtu aliyekuwa nje ameingiaje? Ukifika sura ya 16, siku hiyo hiyo fungua Waebrania 9 na 10.