Madogo mnaopeleka wageni bwawa la Nyumba ya Mungu, njooni hapa

Kila msimu mpya nasikia uongo uleule pale bwawani, eti maji yote yale ni theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imeyeyuka. Nawapenda wadogo zangu ila mnanichosha.

1. Maji ni ya msitu. Kileleni mvua haifiki hata milimita 200 kwa mwaka, ila shuka kwenye msitu upande wa kusini, huko Umbwe na Machame, inapita 2,000. Inazama ardhini inaibukia chini kama chemchemi, Chemka mnakopeleka watu kuogelea si ndo hiyohiyo? Barafu inachangia kiduchu. Sasa juzi dogo mmoja kamaliza brifing yake ya theluji, mzee mmoja mgeni akamuuliza, kwa hiyo barafu ikiisha bwawa linakauka? Dogo akajibu ndiyo, tena kwa kujiamini. Kumbe mzee kafanya kazi za maji maisha yake yote, akatoa kalamu akachora mlima nyuma ya risiti ya lanchi, akaweka kidole katikati, na hapa msituni kunatokea nini? Dogo kaangalia risiti, kaniangalia mimi, mi nikajifanya nakagua tairi. Akasema kuna mbega. Ni kweli wapo, lakini jamani!

2. Mito miwili: Kikuletwa inaleta maji ya Meru na ya Kilimanjaro kusini na magharibi, Ruvu inaleta ya mashariki, Ziwa Jipe na Upareni. Inakutana hapohapo bwawani, inayotoka ndo Pangani. Na Ruvu hii sio ile wanayokunywa Dar, kuna mtu kashaniaibisha na hilo.

3. Mgeni akiona migunga na vumbi ataulizia msitu uko wapi. Mwoneshe mlima asubuhi, mawingu yakishafunga imekula kwako. Akiulizia moto wa Oktoba 2020, mwambie miti ya huko juu inakamata ukungu na kudondosha maji, ikiungua hayo nayo yanapotea na bwawa linayakosa, japo lenyewe liko mbali kwenye ukame.

4. Umeme pale ni megawati 8 tu, ila mitambo ya Hale na ya Pangani Falls inategemea mto huohuo.

5. Kofia, maji ya kunywa. Na perege wenu mkinunua wafungeni vizuri, kruza ilinuka hadi uwanja wa ndege wa KIA na wageni wamo ndani.