Grini kadi, kampuni ya usafi na zabuni za serikali ya Marekani

Swali: Mimi ni Mtanzania, naishi Columbus, Ohio. Nina kampuni ya usafi yenye wafanyakazi sita. Tunasafisha ofisi za mawakili na kliniki mbili za meno. Nataka kuomba kazi za serikali kuu ya Marekani. Kuna bwana anataka dola 900 ili anisajili. Mwingine kaniambia nisijisumbue, maana nina grini kadi tu, sijawa raia. Nani mkweli? Na nitashindana vipi na wakubwa wakati sijawahi kushika kazi ya serikali hata moja?

Jibu: Dada yangu, wa kwanza mkatalie, wa pili kachanganya mambo.

Usajili unafanyika SAM.gov, tovuti ya serikali kuu, na ni bure, pamoja na kuuhuisha kila mwaka. Kinachokwamisha wengi ni jina: jina la kampuni na anwani lazima vilingane, herufi kwa herufi, na hati zako za jimbo na za kodi. Ukishakubaliwa utaanza kupokea barua pepe zenye nembo za kiserikali zikidai ada. Zifute.

Sasa uraia. Ili SBA, idara ya serikali kuu inayosimamia biashara ndogo, ikutambue kama biashara ndogo, kampuni iwe ya kutafuta faida, iwe na makao Marekani na ichangie uchumi wa huko, na mapato yake yasipite kikomo cha fani yake. Fani ya usafi wa majengo ina namba 561720, na kikomo chake ni wastani wa dola milioni 22 kwa mwaka. Uraia haumo. Uraia hudaiwa kwenye vyeti vya upendeleo: 8(a) cha wamiliki walioachwa nyuma kijamii na kiuchumi, HUBZone cha biashara za maeneo duni kiuchumi, na kile cha biashara za wanawake. Hivyo vitasubiri kiapo chako cha uraia. Lakini zabuni nyingi hutengewa biashara ndogo yoyote, bila cheti. Kanuni inasema afisa manunuzi akitarajia kupata walau biashara ndogo mbili zenye uwezo na bei ya haki, aitenge kazi hiyo kwa wadogo.

Hapo kwenye "akitarajia" ndipo mlango wako ulipo. Atatarajiaje kama hajui kwamba upo? Kabla ya zabuni yenyewe, mara nyingi hutoka tangazo la kuulizia tu ni nani anaweza kazi ile. Watu huliruka kwa sababu halina pesa. Wewe lijibu: kurasa mbili, kazi mnazofanya, ukubwa wa majengo, idadi ya watu wako. Kwa maoni yangu majibu matano ya namna hiyo yatakufaa kuliko kuvamia zabuni ishirini.

Kukosa rekodi kusikutishe sana. Pale rekodi inapopimwa, asiye nayo hapewi alama nzuri wala mbaya, na kazi za watu binafsi zinazofanana nazo huhesabika. Kliniki za meno ni ushahidi mzuri, kwa kuwa usafi wa mahali pa matibabu si sawa na kufuta meza za ofisi. Omba barua kutoka kwao sasa, wakati bado wanakufurahia.

Hofu yangu juu yako ni bei. Kazi za huduma za serikali kuu zinazozidi dola 2,500 huja na jedwali la mishahara la Wizara ya Kazi kwa eneo husika. Jedwali linataja kima cha chini cha msafishaji kwa saa, na juu yake kuna kiwango cha marupurupu ya afya na ustawi, nacho cha kila saa. Wageni wengi huona mstari wa kwanza, wa pili unawapita. Tuseme mshahara ni dola 17 na marupurupu dola 5, na jengo linahitaji saa 20 kwa wiki, yaani saa 1,040 kwa mwaka. Ukiyalipa yote taslimu, hiyo ni dola 22,880. Weka asilimia 7.65 ya mwajiri kwa ajili ya Social Security na Medicare, yaani mifuko ya pensheni na ya matibabu ya wazee, unafika kama dola 24,630. Aliyepiga hesabu kwa dola 18 kwa saa alifika 18,720 tu. Kashinda zabuni, na hajanunua hata sabuni tayari ana pengo la karibu dola 5,900. Mkataba ukishasainiwa huwezi kuwapunja wafanyakazi ili uzibe pengo hilo. Wizara hudai malimbikizo yao, na kampuni inaweza kufungiwa zabuni kwa miaka mitatu.

Jambo jingine la fani yako: majengo mengi ya serikali husafishwa kupitia AbilityOne, mpango unaowapa kazi wasioona na watu wenye ulemavu mkubwa. Jengo likiwa kwenye orodha yao, halishindaniwi. Uliza kabla ya kupoteza mafuta ya gari kwenda kulikagua.

Msaada wa kweli, na aghalabu wa bure, upo APEX Accelerators, vituo vya kuwashauri wafanyabiashara kuhusu zabuni za serikali, zamani vikiitwa PTAC. Ohio wapo. Usiende mikono mitupu ukiomba "mafunzo". Nenda na zabuni moja uliyoichagua na karatasi yako ya bei, uwaambie watafute makosa yake.

Na saa. Nimewahi kukaa na mzabuni aliyebonyeza kutuma dakika mbili baada ya muda kwisha. Zabuni aliyoiandaa kwa wiki tatu haikufunguliwa. Tangazo likiandika 2:00 PM, ni saa nane yetu ya mchana, lakini soma na ukanda wa saa: ofisi inayonunua inaweza kuwa Denver, au Washington. Tuma jana yake.