Kabla ya Kuchora Ukuta Unaosafisha Hewa

Mhitimu anayeanza kazi katika ofisi ya usanifu majengo hachelewi kukutana na mteja aliyeona picha za Bosco Verticale, minara ya makazi ya Milan yenye miti kwenye roshani zake, ambaye sasa anataka jengo lake nalo lisafishe hewa ya mji. Ombi hilo si la kubezwa. Hata hivyo, asiye na uzoefu hulijibu kwa kuchora majani kwenye kila roshani, ilhali alipaswa kwanza kuuliza ni uchafu gani unaokusudiwa kuondolewa na ni kiasi gani cha hewa kitakachogusa huo ukuta.

Nianze na uchafu wenyewe, maana hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Kaboni dayoksaidi inayoongeza joto la dunia siyo inayomkohoza mtoto anayesubiri basi kando ya barabara. Kinachomdhuru huyo ni chembechembe laini za masizi na vumbi, pamoja na oksidi za nitrojeni zinazotoka kwenye injini, hasa za dizeli. Jengo linaweza kupunguza kimoja bila kugusa kingine, kwa hiyo taarifa ya mradi inayosema tu kwamba jengo "linapunguza uchafuzi" irudisheni kwa mwandishi wake. Mti huhifadhi kaboni katika shina kwa miaka mingi, lakini kwa upande wa masizi kazi yake kubwa ni kunasa: chembe hutua juu ya jani, kisha mvua huiteremsha chini au upepo huirudisha hewani.

Kuta zilizotiwa titani dayoksaidi hufanya kazi kwa njia nyingine. Miale ya urujuanimno ikizipiga, kemikali hiyo huchochea mmenyuko unaogeuza oksidi za nitrojeni kuwa nitrati, ambazo baadaye huoshwa na mvua. Kanisa la Jubilee lililosanifiwa na Richard Meier huko Rome, likakamilika mwaka 2003, lilijengwa kwa saruji ya namna hiyo ili weupe wake usififie, na mwaka 2013 hospitali ya Manuel Gea González ya Mexico City ilivalishwa kimia cha vipande vilivyopakwa kemikali hiyo hiyo, vyenye mipindo mingi, ili eneo linalogusana na hewa liwe kubwa zaidi. Kemia hiyo ni ya kweli na imethibitishwa maabara. Kinachoniletea shaka ni hesabu.

Chukueni karatasi mfuate nami. Tuseme ukuta una mita za mraba 1,000, na tukubali kwa ukarimu kwamba kila mita ya mraba inasafisha kabisa lita 5 za hewa kwa sekunde. Ukuta mzima basi unasafisha mita za ujazo 5 kwa sekunde. Mtaa ulio mbele yake una upana wa mita 20, majengo yana kimo cha mita 20, na upepo unapita kwa mwendo wa mita 1 tu kwa sekunde. Hewa inayopita hapo ni mita za ujazo 400 kila sekunde, na ukuta wetu umeshughulikia kama asilimia 1 yake. Watafiti wa mradi wa PhotoPAQ walijaribu kuta za aina hii ndani ya handaki la Leopold II mjini Brussels, wakiwa wameweka taa za urujuanimno, na hawakuona upungufu wa maana wa oksidi za nitrojeni. Walikadiria kwamba hata kama upo, hauzidi asilimia 2. Sisi tulio karibu na ikweta tuna mwanga wa kutosha, lakini tuna pia vumbi la kiangazi ambalo hufunika ukuta miezi mizima kabla mvua haijauosha.

Kwa mimea ya ndani habari ni hiyo hiyo. Uchambuzi wa watafiti Cummings na Waring uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba, ili mimea ya vyunguni ilingane na kazi inayofanywa na upitishaji wa kawaida wa hewa, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Dirisha linalofunguka ni rahisi zaidi.

Nje, chagueni mimea kwa kuangalia mahali ilipo. Miti yenye matawi mapana katika mtaa mwembamba huzuia hewa chafu isipande juu, wakati ua mnene wa mimea kati ya barabara na njia ya waenda kwa miguu husaidia. Mikaratusi hutoa kemikali ambazo, zikikutana na oksidi za nitrojeni juani, huchangia kuzalisha ozoni.

Jambo ambalo Milan inatufundisha vizuri ni matunzo. Minara ile miwili, iliyokamilika mwaka 2014 ikiwa na miti kama 800, haiwaachii wakazi kazi ya kupogoa: mafundi hushuka kwa kamba kutoka paani, na miti imefungwa ili upepo usiiangushe. Mteja hupenda kusikia idadi ya miti kuliko gharama ya watunzaji. Mtajieni zote mbili katika kikao cha kwanza.

Ninachowasihi mkipe muda mwingi zaidi ni uchafu ambao jengo lenyewe lingetoa. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri, Nairobi, mwaka 2011 hupitisha hewa kwa njia ya asili na zina paneli za jua juu ya mapaa, na kwangu huo ni usafishaji wa hewa ingawa haupendezi pichani. Kagueni bomba la moshi la jenereta linaelekea wapi. Nimeona michoro ambayo bomba hilo lilikuwa chini kidogo ya tundu la kuingizia hewa safi, huku ukuta wa mimea ukipamba upande wa pili. Ulizeni pia moshi wa jiko la mgahawa wa chini unatokea wapi.

Mteja akishikilia ukuta wake, mjengeeni, ila mkataba useme kwamba hewa itapimwa kabla na baada ya ujenzi, kwa kimo kile kile, kwa mwaka mzima wenye masika na kiangazi, na kwamba kipimo kingine kitawekwa katika mtaa wa jirani usio na ukuta huo.