Hedifoni zako ziko sawa

SWALI: Mambo ya hapo. Beshte yangu alinirushia albamu ya Bon Iver inaitwa 22, A Million, akasema ni foku. Mimi foku yao naipenda, gitaa moja na mtu anaimba yaliyo moyoni, lakini hii nikiskiza kwa matatu nikienda job sauti inakatika, inakwaruza, kuna mahali ni kama watu sita wameingia kwa koo moja. Nimebadilisha hedifoni mara mbili. Shida ni simu ama ni mimi? – Msomaji, Umoja

JIBU: Pole kwa pesa ya hedifoni, wewe na simu mko sawa, huko kukwaruza ni kwa makusudi.

Justin Vernon, ndiye Bon Iver mwenyewe, alianza vile tu unapenda: msimu wa baridi alijifungia kwa kijumba cha babake huko Wisconsin, Marekani, bendi imevunjika, mapenzi yameisha, ametoka kuugua, akatoka na albamu ya For Emma, Forever Ago. Hii yako ni ya 2016, nyimbo 10 na haifiki hata dakika 35, na huzuni ni ileile ila sasa imepitia kwa mashine. Yeye na injinia wake Chris Messina waliunda mtambo unaochukua sauti moja na kuizalishia wenzake papo hapo akiwa bado anaimba. Skiza wimbo wa tatu, hakuna gitaa, hakuna ngoma, ni yeye na huo mtambo tu, ni kama mtu anaita usiku na wote wanaomjibu ni yeye mwenyewe! Gitaa pekee halingeweza hiyo. (Wa pili ngoma zimepasuliwa hadi mimi huuruka, na sioni aibu.)

Na si mambo ya wazungu pekee. Mpiga nyatiti, ile ala ya Waluo, ana nyuzi nane mkononi, pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu anagonga nayo nyatiti yenyewe, na njuga mguuni, kwa hivyo biti anajipigia. Ndiyo maana Owiny Sigoma Band, wa Kenya na London, walipoichanganya na sinthesaiza, kinanda cha umeme, ilikaa ni kama wamejuana kitambo. Ukimaliza hapo tafuta Peel, albamu ya 2020 ya mwanamuziki KMRU wetu wa Nairobi, mjukuu wa Joseph Kamaru yule wa nyimbo za Kikuyu.

Lakini si kwa matatu, huko utaskia makanga tu. Ngoja usiku majirani walale. Na zile hedifoni za kwanza kama hujatupa, nirushie moja.